Lindo la Wense

Jumapili, 7 Juni 1953

Wense amenipa daftari hili leo baada ya misa. Akaniambia, “Mama, wasiwasi wako wote uwe unautia humu. Nikirudi safari nitausoma kwa mkupuo mmoja, kuliko kunimwagia mlangoni hata mzigo sijatua.” Nikamwambia mimi shule yangu ni ile ya katekisimu tu, sista alituandikia herufi ukutani kwa mkaa, tukimaliza anafuta. Akasema herufi ni zile zile, hazijaongezeka.

Basi naandika. Mimi Apolinaria, mama Wense, nakaa Cheyo hapa Tabora. Mwanangu Wenceslaus ni mpiga picha wa duka la Bwana Popatlal. Wenzangu wana watoto makarani, wanakaa kwenye kiti, jua likizama wako nyumbani wananawa. Wangu anazunguka porini na kamera shingoni kama ng'ombe aliyefungwa kengele. Leo yuko Sikonge kwa wapasua mbao, kesho yuko mto Ugalla kwa wavuvi, na akikosa kazi ya picha anakwenda huko huko Ugalla kuvua kwa raha zake. Mto una mamba. Una viboko. Pori lina mbung'o wa malale. Na mimi nimebakiwa na huyo mmoja tu.

Ila kuna neno jema. Popatlal ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, hawezi tena kupiga picha za dukani. Anataka Wense akae ndani moja kwa moja, awapige watu waliovaa vizuri mbele ya pazia la maua. Kazi za porini atafanya kijana fulani wa Mwanza. Wense hataki, namwona. Lakini ameniambia, “Mama, jibu utoe wewe. Nimemwomba Popatlal asubiri mpaka mvua ya kwanza. Ukisema nikae dukani, nitakaa, na sitanung'unika.”

Nikasema jibu ninalo hata sasa hivi. Akaniziba mdomo kwa mkono wake unaonuka dawa za picha. “Mvua ya kwanza, mama.”

Haya. Nitangoja. Jibu langu liko tayari kama ugali uliofunikwa.

Jumanne, 9 Juni

Nimeng'oa karanga. Mgongo.

Alhamisi, 11 Juni

Jumamosi anakwenda Ugalla na gari moshi la Mpanda, atashuka kituo cha darajani. Nimemtolea lindo la marehemu mama yangu. Ni pipa la gome la mti, ukilikumbatia mikono inakutana kwa shida. Mama alibebea asali humo enzi za watu kwenda pwani kwa miguu. Ukitia vitu, unafunika, halafu unazungusha nta ya nyuki kwenye ukingo wote mpaka hata chungu hapiti. Nimemwambia atie unga, kiberiti na zile filamu zake.

“Mama, nina begi la turubai.”

“Turubai linavuja.”

“Watu wataniona nimebeba mzinga wa nyuki.”

“Waone.”

Tukiwa hapo akaingia Mussa, bila hodi. Mussa ni Mzaramo, gadi wa gari moshi la Mpanda, na Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo vichwani. Kwa hiyo hana adabu na siruhusiwi kukasirika. Kila akija lazima aondoke na kitu changu. Leo alikuta mwiko.

“Loo, mtani! Umemchongea mwanao jeneza kabisa? Mbona fupi? Miguu ataiacha nje?”

Nikammwagia maji ya kuoshea vyombo. Akatoka mbio anacheka na mwiko wangu mkononi. Wense naye anacheka. Mimi maneno ya jeneza siyapendi.

Jumamosi, 13 Juni

Ameondoka. Leo sikukuu ya Mtakatifu Antoni, mtafuta vilivyopotea. Nimemwambia Antoni mapema kabla hakijapotea kitu.

Jumatatu, 15 Juni

Hajarudi.

Jumanne, 16 Juni

Hajarudi. Mussa karudi na gari la asubuhi, kaniita kutoka barabarani, “Mtani! Mamba wa Ugalla wamenenepa mwaka huu, sijui wanakula nini!” Nikamtupia gunzi la mahindi. Akalidaka. Akaenda nalo.

Alhamisi, 18 Juni

Karudi! Kaungua jua, ananuka moshi, kaleta kambale wakavu mtungo mzima. Kasoma daftari lote akiwa amesimama. Akaniuliza, “Mama, hiki ‘hajarudi, hajarudi’ ndicho ulichoandika?” Nikamwambia ndicho kilichokuwepo.

Jumatatu, 29 Juni

Sikukuu ya Petro. Wense kasema, “Unaona, mama, hata Petro alikuwa mvuvi.” Nikamwambia na angezama, kama Bwana asingemshika mkono.

Ijumaa, 10 Julai

Wense katoka Puge kupiga picha za harusi. Anasema bibi wa bwana harusi kakataa katakata kusimama kwenye picha mpaka ng'ombe wake aletwe asimame naye. Ng'ombe kaletwa. Bibi katulia, maharusi wametulia, ng'ombe katafuna shela ya bibi harusi. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Kaniuliza kama bado nataka apige picha mbele ya pazia la maua. Nikamwambia pazia halitafuni mtu.

Jumatano, 22 Julai

Leo nimefanya kazi ya Popatlal, mimi mwenyewe.

Gazeti la Dar es Salaam limetaka picha za njia ya zamani ya misafara, pale inapopita Kwihara. Wense anachukua kamera kubwa yenye miguu mitatu, na mtu wa kumbebea ameshikwa na homa. Nikasema kwani mimi sina kichwa? Nimebeba kuni toka mtoto. Tukaenda asubuhi na baridi, yeye na kamera, mimi na ile miguu kichwani. Watu wa njiani wanauliza, “Mama Wense, unahama?”

Kwihara nimepita mara nyingi kwenda shamba, sikuwahi kuitazama. Njia yenyewe siku hizi ni ya mtu mmoja, inapita katikati ya matuta ya viazi. Wense akapima jua, akasogea, akarudi, akalala kifudifudi kwenye vumbi na suruali niliyopiga pasi jana.

Nyumba ya karibu anakaa bibi mmoja, Tatu, mzee sana. Anasema alipokuwa msichana alikuwa anauza maji kwa wapagazi wakipita hapo hapo. Wense akamwomba ampige picha akiwa amesimama njiani. Bibi akaingia ndani. Tukakaa. Jua likapanda. Nikamnong'oneza Wense, kakataa huyo, twende. Akasema, “Hajakataa, mama, anatafuta shanga.” Na kweli, akatoka na shanga shingoni, nyekundu, akajipanga.

“Unipige nacheka,” akamwambia Wense. “Nikinuna nafanana na marehemu mume wangu.”

“Sasa bibi, utacheka nini?”

“Mwambie mama yako aweke hiyo miguu mitatu chini. Imemganda kichwani kama pembe.”

Kumbe bado nilikuwa nimeibeba.

Halafu Wense akaniita nitazame. Unaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, kuna kioo. Nikaingia. Yesu na Maria! Bibi Tatu kasimama kichwa chini miguu juu, na nyumba yake, na mbuzi wake, wote wananing'inia. Nikapiga kelele nikatoka. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, ndipo Wense akapiga.

Lakini ninachotaka kuandika si hicho. Nimekuwa mama wa mtoto huyu miaka yake yote, sijawahi kumwona akiwa kazini. Nyumbani ana haraka, anakula amesimama, anavunja vikombe. Pale alikuwa ametulia kama mtu anayelaza kichanga. Hakumharakisha bibi wala hakumpanga mikono. Alingoja tu mpaka bibi akawa yeye mwenyewe. Tukiondoka Tatu akanishika kiganja akasema, “Mwanao anaangalia watu vizuri.”

Jibu langu ni lile lile. Ila nimefunua kidogo nikalitazama.

Alhamisi, 23 Julai

Shingo hainyanyuki.

Jumamosi, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Watu wengi kanisani. Baadaye nimekwenda kwa Popatlal na sahani ya karanga za kukaanga, maana nilitaka kuona hicho kiti atakachokalia Wense.

Nilikuwa namdhania Popatlal mtu mkavu. Nimemkuta peke yake anafuta kioo cha kamera kwa vidole, taratibu, amefumba macho kabisa, maana kuyafumbua hakumsaidii. Mkewe Sakarbai akanikaribisha chai yenye tangawizi. Nikamwambia wewe una raha, dada, wanao ni wafanyabiashara, hawaendi kwa mamba.

“Wangu wako ndani, Mama Wense,” akasema. “Ndani ya maduka, huko Kampala. Sijui kama wamekula leo.”

Chai ikanipalia. Tulikaa tukaogopa pamoja kidogo, yeye wa Kampala, mimi wa Ugalla. Nimerudi nimependa mtu ambaye sikutegemea.

Jumanne, 1 Septemba

Vumbi. Vumbi kwenye unga, vumbi kwenye rozari. Mussa kaja kuniambia mamba wa Ugalla sasa wanauliza kwa jina, “Wense kijana wa Cheyo anakuja lini?” Kaenda na kata yangu ya maji. Sasa sina mwiko wala kata.

Jumapili, 20 Septemba

Joto. Anasema Ugalla umekauka umebaki madimbwi marefu, samaki wamesongamana humo, na ofisi ya uvuvi inataka picha za wavuvi na namna wanavyokausha. Atakaa huko muda mrefu na rafiki yake Damas, mwenye mtumbwi. Nikauliza, na viboko? Akasema viboko nao wamesongamana.

Mtoto gani anamjibu mama yake hivyo?

Jumamosi, 26 Septemba

Tumegombana kidogo kwa ajili ya lindo. Kasema safari hii halibebi, mtumbwi wa Damas ni mwembamba. Nimeyeyusha nta, nimetia unga, kiberiti, filamu mpya, nafasi ya zile atakazokwisha kupiga, na kibonge cha nta cha kuzibia tena akishafungua. Nikalitia na kamba ya katani ya kulishikia. Alikuwa anazungukazunguka nyuma yangu na kamera yake ndogo, sikumjali. Mwisho akasema, “Haya, nalibeba. Kwa ajili ya amani ya Tabora nzima.”

Mussa alikuja kulichukua alipakie kwenye gari moshi lake. Akaligonga kwa ngumi. “Jeneza limekamilika, mtani. Umebaki msalaba.” Maji yalikuwa yameisha, nikamrushia majivu. Akaingia kazini mweupe.

Ijumaa, 2 Oktoba

Hajarudi. Sawa, alisema atakawia.

Jumatatu, 5 Oktoba

Hajarudi. Nimebangua karanga.

Ijumaa, 9 Oktoba

Siwezi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sasa naweza. Naandika yote kwa mpango, la sivyo sitaamini kwamba yamepita.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni, karanga kwenye ungo mbele yangu. Mussa akaja. Alipiga hodi. Hilo lenyewe lingenitosha, lakini kichwa changu kizito. Kofia yake ya kazi alikuwa ameishika mkononi.

“Mama Wense,” akasema.

Yeye huniita mtani, au kizee, au mjukuu wa mpagazi. Nikasema moyoni, leo kaja na mchezo mpya.

“Mama Wense, kaa vizuri. Mtumbwi wa kina Wense umepinduliwa na kiboko. Jana jioni. Damas kanikuta kituo cha darajani.”

Nikacheka! Mungu anisamehe. Nikamwambia, “Kiboko? Na mamba je, amelazwa hospitali?” Nikachukua beseni la maji nikammwagia lote, kichwa mpaka viatu.

Hakukimbia. Alisimama pale pale, maji yanamtiririka kidevuni. Nikamwambia haya, umeshapata maji yako, chukua karanga uende zako kazini.

Hakuzitazama.

Mussa. Mtu ambaye hajawahi kutoka kwangu mikono mitupu. Kachukua mwiko, kata, gunzi, siku moja kachukua kuku anayelalia mayai akamrudisha kesho yake. Karanga ziko mbele yake, hakuzitazama. Hapo nikamsogezea ungo mpaka miguuni.

“Mussa, chukua karanga,” nikamwambia.

Akaizungusha kofia mkononi.

“Chukua, baba. Nakuomba. Konzi moja tu. Nitajua unanitania.”

Akasema, “Siwezi, dada.” Sauti ilikuwa ndogo.

Akanieleza. Walikuwa kwenye dimbwi refu, Wense kasimama anapiga picha ya wavuvi wa ng'ambo. Kiboko kazuka chini ya mtumbwi. Damas kaogelea mpaka ukingoni. Alipogeuka akaona mtumbwi matumbo juu, viboko katikati, na Wense hayupo. Kaita mpaka giza likaingia. Halafu kakimbia kituoni. Wense wangu kuogelea anajua kama kuku anavyojua.

Nikasema nakwenda. Mussa hakunizuia. Akanitia kwenye behewa lake la nyuma, la gadi, juu ya gunia. Sijawahi kupanda gari moshi maisha yangu. Nilikuwa nimejiwekea kwamba siku nikipanda nitatazama dirishani, nitaona Urambo, nitaona Kaliua. Sikuona kitu. Nilisali rozari, nikafika mwisho, nikaanza tena, na katikati ya Salamu Maria najisikia nasema, “Kaa dukani, kaa dukani.” Ndiyo. Niliapa hivyo, kama yu hai, jibu nitalitoa pale pale bila kungoja mvua.

Mussa naye alinyamaza. Kwa miezi yote hii nilikuwa naomba huyu mtu anyamaze, na sasa amenyamaza, ni kitu cha kutisha kuliko viboko. Tulipopita Kaliua nikamwambia, “Mussa, nitanie.”

Akajaribu. Akasema, “Mtani, wewe…” Akageukia mlangoni akaipeperusha ile bendera yake ya kazi bila sababu yoyote.

Kituo cha darajani ni kibanda kimoja na mti mmoja. Gari likapunguza. Nikaona watu wamekusanyika, nikafumba macho. Nikasikia Mussa anasema, “Eh.” Halafu, “Eh! Eh! Mtani, fumbua!”

Wense alikuwa amekaa juu ya lindo.

Amelikalia kama kigoda, mguu mmoja umefungwa majani, uso umevimba kwa nyuki, anakula asali na masega yake kutoka kwenye jani. Pembeni Damas anacheka na kulia. Mwanangu akaniona nateremka, akasema, “Shikamoo, mama. Umekuja na daftari?”

Nilimpiga kofi. Halafu nikamshika nisimwachie. Asali ikatuganda wote wawili, mpaka leo gauni halijatakata.

Ilikuwa hivi. Alipotupwa majini mkono wake ulipata kamba ya katani, na lindo likakataa kuzama. Akalikumbatia kama linavyokumbatiwa. Akapiga miguu, hakujua anakwenda wapi, akaingia kwenye matete ya ng'ambo ya pili, ambako Damas hakumwona na sauti haikufika. Mguu ulichanwa na kisiki. Asubuhi akavutwa na moshi wa warina asali, wakamfunga mguu, nyuki wakamuuma kama malipo, wakamvusha mto kwenye kivuko cha juu, yeye na lindo lake. Kamera imezama. Lindo akalifungua mbele yangu. Unga mkavu. Kiberiti kikawaka mara moja. Filamu zote zimelala mle kama mayai.

Na Mussa? Alikaa chini vumbini na sare yake. Dereva anapiga honi, yeye kakaa tu. Halafu akainuka, akamkwapulia Wense lile jani la asali mkononi, akakimbilia behewani huku anapiga kelele, “Jeneza limemkataa! Mnyamwezi hata mauti hayamtaki!”

Sijawahi kusikia maneno mazuri kama hayo.

Kiapo changu cha ndani ya behewa, nilipotaka kukitamka, Wense alikuwa amelala begani kwangu. Sikumwamsha.

Jumatano, 14 Oktoba

Mguu unapona. Anachechemea mpaka jikoni kufunua vyungu. Majirani wanakuja kutazama lindo. Bernadeta wa nyumba ya pili kaniomba nimfundishe kuyeyusha nta, mumewe anakwenda Shinyanga kwa lori. Nikamwambia Shinyanga hakuna maji. Akasema haidhuru.

Jumanne, 20 Oktoba

Filamu zimesafishwa. Popatlal aliniita dukani nami. Nilikwenda na hofu, kwa sababu ya kamera. Alichosema ni, “Kamera ni chuma, Mama Wense. Iache ilale na samaki.” Halafu akatandaza picha mezani, akavuta kiti, akaniambia, “Sasa niambie kuna nini.”

Nikashangaa. Wense yupo pale, mtaalamu. Popatlal akasema, “Huyu atanieleza mwanga. Mimi nataka watu.”

Basi nikamweleza. Hapa kuna wavuvi wanavuta wavu, mmoja kafumba jicho kwa moshi. Hapa samaki wamepangwa juu ya uchaga kama watoto kitandani. Hapa ni Damas kashika kambale anamwonyesha ulimi. Hapa maji yametulia mpaka mti umesimama mara mbili. Popatlal kaweka mikono magotini anasikiliza, na kila picha anauliza, “Anacheka au anatabasamu? Na nyuma yake?” Nikajikuta naangalia vizuri kuliko nilivyowahi kuangalia kitu.

Picha ya mwisho nikaisogeza karibu na macho.

“Hiyo kuna nini?”

“Mwanamke mmoja,” nikasema. “Kachuchumaa, anapaka nta kwenye lindo. Ulimi uko nje kama anaandika.”

“Ni nani?”

“Simjui.”

Popatlal akacheka mpaka Sakarbai akaja kutoka ndani. Ilikuwa ya ile siku ya ugomvi. Kumbe ndiyo aliyokuwa anazungukia nyuma yangu.

Nikiwa natoka Popatlal akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, “Mimi Tabora nimekaa nusu ya maisha yangu. Ugalla sijawahi kwenda. Duka, chumba cha giza, duka. Ningekuwa sijaletewa hizi picha ningekuwa sijauona mto.” Hakuniomba kitu. Yule kijana wa Mwanza, akaongeza, ni mtu anayependa sana kukaa.

Jumapili, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimemwombea marehemu Modest, baba yake Wense. Alikuwa mtu wa kutulia, hakwenda mto wala pori. Homa ilimkuta kitandani, ndani ya nyumba hii, mlango umefungwa na mimi nimekaa pembeni namshika mkono. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo leo.

Alhamisi, 5 Novemba

Mawingu. Hapana.

Jumamosi, 7 Novemba

Mawingu tena. Wense anatazama juu, mimi namtazama yeye. Mussa anasema mvua imekwama Kaliua, haina tiketi.

Jumatano, 11 Novemba

Imenyesha.

Ilianza alasiri. Kwanza upepo na takataka, halafu matone makubwa yanayotoboa vumbi, halafu yote. Watoto wa Cheyo nzima wako nje uchi. Wense akaja akakaa kizingitini, mguu umepona, akanyoosha kiganja nje kikajaa. Hakuuliza. Nilimlea vizuri.

Mimi nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu Juni. Yalikuwepo ya dukani, na yalikuwepo mengine mapya. Yote nikayaacha. Basi nikainuka. Nikaenda uvunguni nikavuta lindo. Nikatia nta kwenye kikaango, nikachochea moto.

Wense akageuka akatazama nta inavyoyeyuka.

“Mama, nilikuwa nangoja jibu.”

“Nipe kisu,” nikamwambia. “Hii nta ya zamani lazima ikwanguliwe kwanza. Na uniambie mapema kama unakwenda na Damas yule yule, maana kuhusu huo mtumbwi wake nataka nizungumze naye.”

Hakunipa kisu mara moja. Alikuja akaniinamia, akaweka paji lake la uso juu ya kilemba changu, akakaa hivyo. Nta ilianza kuungua nikamfukuza.

Hapo Mussa akapita barabarani, anatoka kazini, hana mwavuli, ameloa kama kambale. Akachungulia.

“Loo! Jeneza limerudi kwa fundi!”

Nikachukua beseni. Wense akasema, “Mama, si ameshaloa?” Nikammwagia vile vile, lote, katikati ya mvua. Akapiga ukelele wa furaha, akaingia bila hodi, akakuta ungo wa karanga, akachota konzi mbili akatia mfukoni.

“Ongeza, Mussa,” nikamwambia. “Ongeza.”